Siku Yenye Saa Kumi na Mbili

Meneja aliniomba nizigeuze saa za seva ziwe saa za Kiswahili, nami nikakubali. Lilikuwa ombi la dakika tano, lililotolewa mlangoni, yeye akiwa na kikombe cha chai mkononi na mimi sijainuka kitini. Nimelirudia kichwani mara nyingi. Kila nikilirudia najisikia nikimwambia kwamba jambo hilo halifai, kisha nakumbuka nilichosema kweli. Nilisema, "Linawezekana. Nipe wiki moja."

Ilikuwa Tunduma, mwaka mmoja au miwili kabla mkoa wetu haujakatwa kutoka Mbeya. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa wakala wa mizigo ya mpakani, yenye yadi za malori kuanzia Mbeya mpaka ng'ambo, Nakonde ya Zambia. Niliingia pale zamani, biashara ilipofunguliwa na malori yakaanza kupanga foleni, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na vidole vyepesi vya kupiga taipu. Taipureta ilipoondoka ikaja kompyuta, nikajifunza kompyuta. Kompyuta zilipozidi zikaja seva, nikajifunza seva. Sikusomea. Nilijifunza kwa kuogopa kuachwa nyuma, na mtu anayejifunza kwa hofu hujifunza haraka lakini huruka kurasa.

Seva zetu zilikuwa za aina inayobeba seva nyingine ndani yake. Unanunua chuma kimoja, halafu ndani ya chuma hicho unatengeneza mashine nne au tano zisizoshikika, kila moja ikijiona ni kompyuta kamili: moja ya vibali vya geti, moja ya mizani, moja ya barua. Chuma chenyewe tulikiita seva mama. Tulikuwa nazo ishirini na sita, zimetawanyika kwenye yadi, nyingine katika vyumba ambavyo zamani vilikuwa stoo za mahindi. Kila seva mama iliandika kumbukumbu zake: nani ameingia, nani ametoka, mashine gani ya ndani imewashwa, ipi imezimwa, na kwa amri ya nani. Kumbukumbu hizo zilikaa hukohuko yadini, na zikijaa zilijifuta zenyewe kuanzia za zamani. Kazi niliyopewa ilikuwa kuziamuru seva mama zote zitume kumbukumbu zao kwenye seva moja ya ofisini kwetu, zisomwe mahali pamoja.

Kwa mkono ningezunguka yadi moja moja mpaka nichoke. Kwa hiyo niliandika skripti, yaani orodha ya amri ambayo kompyuta inaisoma yenyewe. Inachukua jina la seva mama ya kwanza, inaingia, inatoa amri, inatoka, inachukua jina la pili, hivyo hivyo mpaka ya ishirini na sita. Nilikuwa karibu kuimaliza siku meneja aliposimama mlangoni.

Meneja alikuwa na umri wa kuwa mdogo wangu wa mwisho. Kila asubuhi aliniamkia kwa shikamoo, kisha akanituma.

"Mzee wangu, juzi lori limetoka yadi ya Chapwa asubuhi," alisema. "Daftari la getini linasema mbili. Seva yako inasema tano. Nakonde wananipigia wanasema saba. Saa ya ukutani inasema nane. Mkurugenzi ananiuliza haya malori manne yamebeba nini."

Nilicheka, kwa sababu alikuwa na haki. Walinzi wetu waliandika saa kama wanavyoisema: jua likitoka moja, likipanda mbili. Ng'ambo ya kizuizi Wazambia wako nyuma yetu kwa saa moja, nao huhesabu kuanzia usiku wa manane. Na seva mama za aina ile huandika saa moja ya dunia nzima, iliyo nyuma ya saa yetu ya ukutani kwa saa tatu, na hazikubali kubadilishwa. Mbili, tano, saba, nane, na lori ni lilelile.

"Zifanye ziseme kama daftari," akasema. "Watu wetu wanasoma mbili, basi iwe mbili."

Mkufunzi aliyetufundisha Mbeya alikuwa ametuonya kuhusu hilo hasa. Saa ya kumbukumbu haiguswi, alisema. Iache kama ilivyokuja, na anayesoma ndiye atakayetafsiri. Nililiandika daftarini na nikalipigia mstari. Lakini wiki ile ilisikika kwamba kijana mwenye diploma ameajiriwa Mbeya kusimamia seva, na sikulala vizuri tangu niliposikia hivyo. Nilitaka meneja aone kwamba kuna kitu mzee anakiweza. Ndiyo sababu nzima. Nimetafuta sababu nyingine iliyo bora kuliko hiyo, sijaipata.

Tena hesabu yenyewe ilinivutia kwa wepesi wake. Chukua saa ya seva, toa tatu, unapata saa ya Kiswahili. Tano inakuwa mbili. Ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili. Ikipungua moja, ongeza kumi na mbili. Nilitengeneza chujio katika seva ya ofisini. Kumbukumbu zilipofika zilipita kwanza kwenye chujio, saa ikageuzwa, ndipo zikaandikwa. Na kwa kuwa mtandao wa yadi ulikuwa ukikatika, mistari mingine ikichelewa kufika, nilizipanga za kila siku kwa kufuata saa, kuanzia moja hadi kumi na mbili, kama kurasa za daftari la getini.

Asubuhi na usiku sikuviweka. Yadi zote zilikuwa zikifungwa saa kumi na mbili jioni, hakuna lori linalotoka gizani, kwa hiyo niliona maneno hayo yatajaza ukurasa bure. Siku yangu ilikuwa na saa kumi na mbili tu. Kumbukumbu za asili, zenye ile saa ya dunia, sikuziweka popote ofisini. Kule yadini nako, kwa kuwa seva mama zilikuwa na nafasi ndogo, nilipanga kila moja ibaki na mafaili mawili tu ya zamani, tena madogo, badala ya manane makubwa. Amri hiyo ya kupunguza niliikumbuka mwisho, kwa hiyo niliiweka mwisho wa skripti, na baada yake nikaweka mstari wa kuchapa neno TAYARI.

Nilianza kwa kuijaribu kwenye seva mama kuukuu ya ofisini. Ilijibu imekubali. Nikakaa kusubiri kumbukumbu zifike, hazikufika. Nikakaa asubuhi nzima nikiwaza simu ya Mbeya na yule kijana akiniuliza kwa adabu nimefanya nini. Kumbe seva ile ina ukuta wa ulinzi, na nilikuwa nimeiambia itume bila kuufungua mlango wa kutokea. Inasema ndiyo, imekubali, lakini haitumi kitu. Hapo nilipaswa kujifunza kwamba jibu la mashine si ushahidi kwamba kazi imefanyika. Niliongeza amri ya kufungua mlango, nikaendelea.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu, niliiachia skripti kwa seva zote. Nilikuwa nimeiandika orodha pia kwenye karatasi, nikaweka alama ya kalamu kila TAYARI ilipotokea. Kati ya seva moja na nyingine kulikuwa na ukimya wa sekunde kadhaa, na katika kila ukimya nilijiambia kwamba hii nimeiua. Vwawa, tayari. Mlowo, tayari. Mpemba, tayari. Ilipofika Chapwa ilikaa sana. Ukapita mstari mwekundu, mfupi, ukapanda juu na kupotea kabla sijausoma. Kisha ikaandika TAYARI, na mara kumbukumbu za Chapwa zikaanza kuingia kama za wenzake.

Nilishusha pumzi nikaweka alama. Mstari mwekundu ungeweza kurudishwa kwa kupandisha ukurasa kwa kidole kimoja. Sikuupandisha. Nilikuwa nimetetemeka vya kutosha kwa siku moja.

Sasa nimtaje dada yangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa Chapwa.

Tulizaliwa Hasamba, kwenye kahawa, mimi wa kwanza na yeye wa mwisho. Aliolewa na mtu wa bondeni Momba, upande wa Ivuna. Mume alipofariki nilimleta Tunduma na binti yake mdogo, nikamwombea kazi ya ukarani wa geti katika yadi ya Chapwa. Hakuwa na haja ya kubebwa. Baada ya mwezi mmoja madereva wa Kizambia walimwita "ba mayo", mama, kwa heshima wanayompa mtu asiyedanganyika. Kwangu mimi walitumia "mdala", mzee, na kwa sauti tofauti kidogo. Alikuwa akinitania kwamba yeye wanamwogopa na mimi wananihurumia.

Umeme wa Chapwa ulikuwa wa kubahatisha. Nilimfundisha mwenyewe: taa zikianza kufifia, usisubiri betri ya akiba iishe, ingia kwenye seva mama kwa jina lako, izime mashine ya geti taratibu, umeme ukirudi uiwashe. Alikuwa akifanya hivyo bila kukosea. Kila alipofanya, seva mama iliandika jina lake, alichofanya na saa.

Miezi ilipita. Meneja aliipenda ripoti yangu, akawa anaisoma akiweka daftari la getini pembeni, kidole kimoja huku na kimoja kule. Kisha mizigo ikaongezeka, yadi zikaanzisha zamu ya jioni mpaka saa nne usiku. Tangazo lilibandikwa ukutani, nami nililisoma nikiwa nimesimama palepale chini yake. Halikunikumbusha chochote.

Jambo lenyewe lilitokea siku ambayo karani wa zamu ya jioni alifiwa, na dada yangu akabaki kumshikia, akafanya kazi tangu asubuhi mpaka usiku. Wiki mbili baadaye iligundulika kwamba siku hiyo lori ambalo halijakaguliwa lilitoka Chapwa bila kuingizwa kwenye mashine ya geti. Daftari la mlinzi liliandika lori hilo, saa 2:20 usiku. Mlinzi akaulizwa kwa nini alifungua geti bila kibali cha mashine. Akajibu kwamba mashine ilikuwa imezimwa, na karani alimwambia aandike tu daftarini.

Dada yangu alisema hakumwambia hivyo, na kwamba mashine jioni ile ilikuwa inawaka. Aliizima mara moja tu siku hiyo, asubuhi, umeme ulipofifia. Lori hilo hakuliona; labda lilitoka wakati alipokwenda chumba cha nyuma kula.

Basi kila kitu kikabaki juu ya swali moja: mashine ilizimwa lini? Na aliyekuwa na jibu ni mimi.

Waliniita katika ofisi ya meneja. Walikuwa watatu nyuma ya meza, na dada yangu kwenye kiti kilichowekwa peke yake. Nilikuwa nimeichapa karatasi ya siku ile bila kuisoma vizuri, maana nilikuwa na hakika itamsafisha. Nilipoitazama pale, mbele yao, ndipo nilipoona nilichokifanya.

"Soma, mzee," meneja akasema.

"Saa 2:10. Mashine ya geti imezimwa." Nikalitaja jina la kuingilia la dada yangu.

"Asubuhi," dada yangu akasema.

Meneja hakumtazama. Alinitazama mimi. "Imeandikwa asubuhi?"

"Haikuandikwa."

"Imeandikwa usiku?"

"Haikuandikwa."

"Sasa imeandikwa nini?"

"Mbili."

Mmoja wao alitaka kujua kama mistari ya juu na ya chini inaweza kuonyesha. Nilitazama. Juu yake palikuwa na mstari wa mizani, chini yake mstari wa mtu kuingia, na kila mmoja ungeweza kuwa wa asubuhi au wa usiku, kwa sababu nilikuwa nimezichanganya saa mbili zote pamoja na kuzipanga vizuri. Nilieleza hivyo, kwa sauti ndogo. Meneja alibadilika uso. Aliona, kama nilivyoona, kwamba ripoti aliyokuwa akiipeleka kwa mkurugenzi miezi yote ilikuwa nusu ya ripoti.

"Nakala ya asili?" akauliza.

"Hakuna," nikasema. "Hapa hatukuziweka. Kule yadini zinakaa siku chache zinafutika. Nilizipunguza mwenyewe, seva zote ishirini na sita."

Nakumbuka nilivyolisema lile "zote". Katika aibu ile ndilo neno pekee nililolisema kwa uhakika, na ndilo lililokuwa la uongo, ingawa sikujua.

Walitoa wiki moja kabla ya uamuzi. Jumapili mchana dada yangu alikuja kwangu akitoka kanisani. Alikataa kukaa sebuleni, akasimama uani mke wangu alipokuwa akianika majani ya maharage. Tulizungumza Kinyiha, lugha ya kwetu, kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni maana yake tu.

"Nenda Chapwa ukaiangalie ile seva," aliniambia. "Huenda pana kitu kimebaki."

Nilimwambia hakuna kitu, ni mimi niliyetoa amri, na skripti ilisema tayari.

"Umeangalia?"

"Nimekwambia ilisema tayari."

"Kaka, sijakuuliza ilisema nini."

Nikamweleza lililokuwa likinikaa kifuani. Tunduma nzima inajua sisi ni ndugu. Nikionekana nimeinama juu ya seva ya Chapwa wiki hii, watasema nimekwenda kufuta au kuandika upya, na hapo tutaondoka wote wawili.

"Wewe ni kaka yangu, ndiyo maana nimekuja kwako," akasema.

"Wewe ni dada yangu, ndiyo maana siwezi."

Alijifunga kitenge vizuri, akamuaga mke wangu, akaondoka. Wiki ile sikuwa na raha ya kukaa wala kusimama. Ofisini nilishtuka kila simu ilipolia. Nyumbani nilijikuta nahesabu vidole vyangu, toa tatu, toa tatu, kama vile jibu lingebadilika. Alhamisi mchana nilipanda bodaboda nikamwambia dereva Chapwa. Tulifika mpaka kwenye geti la yadi. Mlinzi alikuwa mwingine, akaanza kuinua mkono kunisalimu. Nilimwona karani wa ndani akitoa kichwa dirishani. Nikamgusa dereva begani, nikamwambia aendelee mbele, nimekosea njia. Tukazunguka tukarudi mjini. Dereva alinitania kwamba mzee leo ametembezwa tu.

Dada yangu aliachishwa kazi Jumatatu. Barua yake ilisema ameshiriki kutoa mzigo kinyume cha utaratibu. Mpakani barua kama hiyo hutangulia mbele ya mwenyewe. Kila wakala aliyemwendea alikuwa ameshasikia. Alihangaika miezi miwili, kisha akamchukua binti yake akarudi Ivuna kwa ndugu wa marehemu mumewe, kuchemsha chumvi ya kuuza.

Mimi nilibaki na kazi. Niliongeza maneno asubuhi na usiku kwenye chujio. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Miezi saba baada ya barua ile, seva mama ya Chapwa iliharibika feni, ikaamuliwa iondolewe. Safari hii nilitumwa rasmi. Niliingia katika chumba chake, nikakaa kwenye kiti alichokuwa akikalia dada yangu, na kabla ya kuizima nikatazama, kwa mazoea tu, mafaili ya kumbukumbu yaliyobaki. Nilitegemea mawili. Yalikuwa manane.

Niliyahesabu tena. Kisha nikaukumbuka ule mstari mwekundu. Mtandao ulikatika Jumamosi ile baada ya seva kupokea amri za kutuma na za mlango, kabla ya kuipokea ile ya mwisho ya kupunguza. Amri ilishindwa, na mstari wangu wa TAYARI ukachapwa hivyohivyo, kwa sababu niliuandika uchapwe kwa hali yoyote. Seva ishirini na tano zilinitii. Ya Chapwa peke yake ilikuwa imeendelea kuyatunza mafaili manane, na kumbukumbu za watu kuingia na kuzima mashine ni chache, hazijai upesi. Zilirudi nyuma zaidi ya mwaka.

Niliitafuta ile siku. Nilikosea kuandika tarehe mara tatu. Mstari ulikuwa pale, na jina lake, na saa 05:10. Tano toa tatu ni mbili. Tano na kumi ya dunia ni nane na kumi ya ukutani, saa mbili na dakika kumi, asubuhi. Baadaye kidogo mashine imewashwa. Na kutoka hapo mpaka usiku hakuna mtu aliyeizima tena.

Iliwaka usiku ule, kama alivyosema. Mlinzi alidanganya. Na ushahidi ulikuwa umekaa ndani ya chuma kile wiki ile yote, nikiwa getini juu ya bodaboda.

Niliuchapa, nikampelekea meneja siku hiyohiyo. Sikujificha, nilimweleza mstari mwekundu na neno TAYARI na safari yangu ya Alhamisi. Aliusoma mara mbili. Alisema yule mlinzi alikwishahamia Zambia siku nyingi, nafasi ya karani ilikwishajazwa, na jambo lenyewe makao makuu wameshalifunga. Lakini aliandika barua nyingine ya kumsafisha, mistari mitatu, akagonga mhuri. "Mzee, mpelekee wewe," akasema. "Ni dada yako."

Ivuna kuna joto ambalo sisi watu wa milimani hatulizoei. Nilimkuta kwenye kibanda cha kuchemshia, mvuke umemzunguka, mikono imepasuka kwa chumvi. Aliniamkia, akaniletea maji, akamtuma binti yake anitafutie kigoda. Binti alikuwa amekuwa mrefu. Dada yangu alifuta vidole, akaisoma barua, kisha akausoma ule mstari niliouchapa. Hakuhitaji kufanyiwa hesabu; alikuwa karani.

"Huu ulikuwa wapi?" akauliza.

"Chapwa. Kwenye seva."

"Siku zile zote?"

"Siku zote."

"Nawe hukwenda."

Nilimwambia nilikwenda. Alhamisi. Nilifika mpaka getini.

"Getini," akasema.

"Getini."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa kipimo cha kitu alichokuwa akikikadiria. Akaikunja barua, akaiweka chini ya jiwe kavu ili mvuke usiilowanishe, akarudi kwenye chungu. Tulikula ugali na samaki wa Rukwa. Alinisindikiza mpaka njiani. Niliomba radhi mara tatu, na mara zote tatu alisema nimesikia.

Nilimpigia simu baada ya mwezi, akapokea binti. Nilipiga tena, akapokea binti. Kisha namba ikawa haipatikani, na watu wanaotoka Ivuna waliniambia anayo mpya.

Katika ukoo wetu binti hatolewi nyumbani bila mjomba wake kusimama mlangoni na kusema kwamba ameridhia. Mjomba akiwa mgonjwa, husubiriwa. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo tangu binti yule akiwa mdogo, hata nguo nitakayovaa nilikuwa naijua. Habari za harusi yake nilizipata sokoni Tunduma kwa mwanamke muuza chumvi, aliyenipongeza akidhani natoka huko. Ilikuwa imepita wiki tatu. Nilimuuliza nani alisimama mlangoni. Akasema shemeji wa dada yangu, na kwamba watu walipouliza mjomba yuko wapi, mama wa binti alijibu kuwa mjomba hayupo.

Sasa ni miaka mingi, nimestaafu, na kampuni ile haipo tena mpakani. Sipendi kumsingizia mtu. Mlinzi alidanganya na meneja aliharakisha, lakini aliyezigeuza saa ni mimi, nikijua haifai, ili nionekane bado ninafaa. Kazi niliyokuwa nikiilinda nilikaa nayo miaka miwili tu baada ya hapo. Nilichokitoa kwa ajili yake ni dada yangu. Yuko hai, yuko Ivuna, na hana kaka.